Ukoga kwenye kioo cha tangi la maji chumvi: sumaku, wembe, konokono au uunyime chakula?

Kabla hujanunua chochote, futa kioo chako leo mpaka king'ae, alafu hesabu siku. Yaani hesabu kabisa, siku ngapi zinapita mpaka ule utando wa kijani urudi na samaki waanze kuonekana kama wako nyuma ya pazia. Mi naona hiyo namba ndo inayochagua dawa. Ikiwa ni siku 3 au 4 tangi lako ni zima, maji yenye mwanga na viumbe hai lazima yaote kitu, we tafuta tu kifaa cha kufutia ambacho hakitakuchosha. Ila kama unafuta asubuhi na jioni kishakuwa kijani tena, hamna sumaku wala konokono atakayekuokoa hapo, utakuwa unapiga deki huku bomba limepasuka.

Angalia na rangi pia, maana sio kila kinachoganda kwenye kioo ni kitu kimoja. Ule wa kahawia laini kama unga, unaofutika hata kwa kidole, kwenye tangi la wiki chache, hao ni diatomu, mwani mdogo sana, wanajengea maganda yao kwa silika (yale madini ya kwenye mchanga na kioo), na mara nyingi wanapungua wenyewe silika ikiisha kwenye maji. Usitumie hela kwa hao. Kijani cha utando ndo ukoga wa kawaida ambao wote tunao. Vidoti vya kijani vigumu vinavyokataa kitambaa, hivyo ni vya wembe. Madoa ya pinki au zambarau magumu kama chokaa ni mwani wa chokaa, na huo kwa kweli ni dalili nzuri, unajenga kwa kalisi ileile wanayotumia matumbawe, kwa hiyo ukiuona ujue maji yako yana kalisi na alkali ya kutosha (kwenye mwamba uache, kwenye kioo cha mbele utoe). Alafu kuna lile blanketi jekundu lenye vipovu linalofunika mchanga, hilo sio mwani kabisa ni bakteria, konokono wengi hawaligusi, linatolewa kwa kunyonywa na mpira na kuongeza mkondo wa maji. Tuliache hapo, leo ni kuta.

Sumaku au wembe

Hapa ndo watu wengi wanachagua kimojawapo wakati ukweli unahitaji vyote viwili, ila kwa kazi tofauti. Sumaku ni ya kila siku au kila baada ya siku mbili, unapita dakika moja hujalowa mkono, na kwa sababu mkono haujaingia hujapeleka mafuta wala sabuni kwenye maji. Inafuta utando ukiwa mchanga. Ukishachelewa wiki nzima ukawa umekomaa, sumaku inateleza juu yake tu, unaisukuma mara kumi pale pale mpaka hasira.

Kitu cha kuangalia kwenye sumaku sio ukubwa wa umbo, ni unene wa kioo inachokusudiwa. Nguvu ya sumaku inashuka haraka sana umbali ukiongezeka, kwa hiyo ile iliyotengenezwa kwa kioo cha milimita 6 ukiiweka kwenye cha 12 itakuwa inadondoka kila ukifika kona. Na kudondoka ndo balaa lenyewe, kwa sababu inadondoka kwenye mchanga. Kinyume chake nayo ni mbaya, sumaku kubwa mno kwenye kioo chembamba inabana kiasi kwamba huiongozi, na vidole vyako vikikaa katikati ya vipande viwili hutasahau siku hiyo.

Sasa kisa changu. Nilikuwa nimeikamata sumaku vizuri, nimefuta juu, nimefuta katikati, nikasema ngoja nishuke mpaka chini kabisa pale kioo kinapokutana na mchanga kwa sababu palikuwa na mstari wa kijani unanikera, nikapita mara moja tu kushoto kulia, na nikasikia mlio. Chembe moja ya mchanga ilikuwa imeingia kati ya pedi na kioo. Mkwaruzo ule uko mpaka leo, urefu wa mkono mzima, na kila taa ya bluu ikiwaka unang'aa kama mtu kaandika kwa makusudi, alafu cha kuchekesha ukoga unapenda kuanzia kwenye mfereji ule ule. Kwa hiyo sheria yangu sasa, sumaku inaishia kama sentimita 3 juu ya mchanga, chini ya hapo natumia kadi ngumu ya plastiki kwa mkono, na kila kabla ya kuanza naitoa sumaku ya ndani naisuuza na kuipapasa pedi kwa kidole. Usiiache ikae ndani ya maji mwezi mzima kama pambo. Konokono wadogo na chembe zinaingia kwenye manyoya, na ganda lake la plastiki likipasuka maji chumvi yanafika kwenye chuma na kutu inaanza ndani ya tangi lako.

Wembe wenyewe ni mfalme wa vidoti vigumu na mwani wa chokaa. Wembe mpya wa chuma, ulioshikwa kwa pembe ndogo, unamenya mwani wa chokaa unatoka vipande vipande kama rangi kavu ukutani, raha yake huielezi. Lakini masharti: ni kwa kioo tu. Kama kuta zako ni za akriliki (plastiki ngumu inayoonekana kama kioo), chuma kisiguse kamwe, hata pedi ngumu za jikoni zisiguse, akriliki inakwaruzika hata kwa vitu ambavyo hukuviwazia, tumia kisu cha plastiki au kadi na pedi zilizoandikwa kabisa kuwa ni za akriliki. Kama hujui tangi lako ni lipi, ligonge kwa ukucha, kioo kinalia kikali na kiko baridi ukikishika, akriliki inalia bubu.

Sharti lingine, pembeni kabisa kwenye kona kuna ile silikoni inayoshika vioo pamoja. Ukiichana na wembe hujasafisha tangi, umeanza kulibomoa. Hapo tumia kidole au mswaki laini mpya. Na wembe ukishamaliza uuoshe na maji baridi ya kawaida uukaushe, kwa sababu chumvi inautafuna siku mbili tatu tu unakuwa na meno, na wembe wenye meno ndo unaochora kioo. Mi huwa natupa mapema.

Kwa hiyo kama unaniuliza kipi kimoja cha kuanza nacho, sumaku, kwa sababu utaitumia. Wembe ni wa mara moja kwa wiki mbili tatu, na kuna watu wamenunua wembe wa mpini mrefu mzuri sana na kioo chao kila siku ni kijani, kwa sababu kuloweka mkono ni kazi ambayo mtu anaiahirisha.

Konokono au samaki

Wanyama wa kufuta wanauzwa kwa lugha tamu, yaani nunua kikosi utulie. Sio uongo, ila sio ukweli wote. Konokono anafuta kwa ulimi wenye meno madogo, ukimwangalia kwa karibu kwenye kioo unaona anaacha njia ya zigizaga, safi hapa, chafu pale. Anapunguza, hakutolei kioo cha kupigia picha. Faida yake kubwa ni kwenye mwamba na kioo cha nyuma ambapo we hufiki na sumaku.

Kati yao wenyewe wanatofautiana sana na hapa ndo pa kuchagua kwa makini. Trochus ndo ninayempendekeza kwa mtu yeyote, anakula utando, anapanda kioo na mwamba vyote, na akipinduka anajigeuza mwenyewe, wakati mwingine anazaa humohumo ndani ukashangaa kuna vitoto kwenye kioo. Astraea anafanya kazi vilevile ila akidondoka chali kwenye mchanga hawezi kujigeuza, anakaa hapo mpaka afe au aliwe, kwa hiyo umejiajiri mwenyewe kazi ya kuzunguka kila asubuhi kugeuza konokono. Turbo wale wakubwa wana nguvu ya tingatinga, wanamaliza hata mwani mrefu wa nywele, ila nao wanaangusha matumbawe ambayo hayajagundishwa, na wale wa kutoka Mexico wanatoka kwenye maji ya baridi kidogo kuliko tangi la matumbawe la nyuzi 25 au 26, wengi hawadumu. Nerite ni fundi wa kioo kweli, pengine kuliko wote, lakini wao kwa asili ni wa pale mawimbi yanapopanda na kushuka, kwa hiyo wanapenda kutoka nje ya maji, utamkuta sakafuni, na wanataga mayai meupe kama chembe za ufuta yaliyoganda kwenye kioo kile kile ulichotaka kiwe safi. Umeondoa kijani umepata nyeupe.

Tusisahau kaa wale wanaohama maganda. Wanauzwa kwenye kifurushi kimoja na konokono, alafu wanamuua konokono ili wachukue ganda. Kifurushi kinajila chenyewe.

Idadi, wauzaji wana hesabu zao za konokono kadhaa kwa kila lita kadhaa, mi ningekuambia chukua theluthi ya hiyo. Sababu ni rahisi, ukiweka wengi wanamaliza ukoga ndani ya wiki, wiki inayofuata hawana chakula, wanakufa mmoja mmoja wakiwa wamejificha nyuma ya mwamba, na konokono aliyeoza anarudisha majini kila alichokula na zaidi. Anza na wachache ongeza taratibu. Na ukiwaleta usiwamwage tu, konokono anaumia haraka na mabadiliko ya chumvi, mdondoshee maji ya tangi lako tone tone kama saa moja mpaka chumvi zilingane, hasa kama maji aliyotoka ni mepesi kuliko yako ya 1.025 (hicho ni kipimo cha uzito wa maji chumvi ukilinganisha na maji matupu).

Yule mnyama wa duara mwenye miiba (urchin) anatafuna mpaka mwani wa chokaa, meno yake ni balaa, anaacha kioo cheupe pee. Ila anabeba vitu mgongoni, vipande vya matumbawe, maganda, kipimajoto, anatembea navyo kama mtu anahama nyumba, na pale alipopita mwani mzuri wa zambarau kwenye mwamba nao umeondoka. Sio wa tangi dogo.

Samaki nitapita haraka. Kangaja na tafi ni walaji wakubwa wa mwani, kweli, ila wa kwenye mwamba. Kioo wanapita tu. Kununua kangaja ili akufutie kuta ni kama kufuga ng'ombe ili akate nyasi kwenye chungu cha maua, anahitaji tangi kubwa la kuogelea, na unamlisha kila siku, na hicho chakula unachomlisha ndo mbolea ya ukoga wenyewe. Yupo yule samaki mdogo mwenye sura ya mzee aliyekasirika, Salarias fasciatus, huyo kweli anabusu kioo, utaona alama za midomo kila mahali, anachekesha sana na mi nampenda, lakini ni alama za midomo, sio kioo safi. Mnunue kwa sababu unampenda.

Konokono dhidi ya samaki basi, kwa kuta, konokono anashinda bila mjadala.

Kufuta au kunyima chakula

Hapa ndo ile hesabu ya siku inarudi. Ukifuta umeondoa kinachoonekana, na mara nyingi hata hujakiondoa, umekitawanya tu majini, kinakufa kinaoza kinakuwa mbolea tena au kinaganda upande wa pili. (Ndo maana futa kabla ya kubadilisha maji, sio baada, na soksi ya chujio iwe safi siku hiyo.) Kunyima chakula kunapunguza kasi ya kurudi. Chakula chake ni vitu viwili vikubwa, naitreti na fosfeti, pamoja na mwanga.

Kosa ambalo nimelifanya kwa muda mrefu ni kuamini kipimo. Napima fosfeti, inasoma sifuri, nasema basi sio fosfeti. Kumbe kioo kimejaa ukoga, na huo ukoga ndo umeila ile fosfeti kabla kipimo hakijafika. Kipimo kinakuonyesha kilichobaki mezani, hakikuonyeshi kilichoshaliwa. Kwa hiyo sifuri pamoja na kioo kijani maana yake ni kwamba inaingia kwa wingi na inaliwa kwa wingi.

Wenye matangi ya matumbawe wengi wanalenga naitreti kama 2 mpaka 10 ppm na fosfeti kama 0.03 mpaka 0.1 ppm. Usikimbilie sifuri. Nimeona watu wamepigana na ukoga wa kijani mpaka maji hayana kitu kabisa, wakashangilia wiki mbili, alafu zikaja zile kamasi za kahawia zenye vipovu, dinoflajeleti, ambazo zinapenda maji maskini ambapo hazina mshindani, na baadhi yake zina sumu inayoua konokono. Bora kijani mara elfu.

Sasa njia za kunyima, nazipanga kwa jinsi ninavyoziamini mimi.

Kwanza maji unayoongeza. Kama unachanganya chumvi au unajazia yaliyokauka kwa maji ya bomba, unaweza kuwa unamwagia fosfeti na silika kila siku bila kujua, na hapo yote mengine ni kujisumbua. Maji ya RO/DI (yaliyochujwa mpaka madini yote yametoka) yanayosoma TDS sifuri, yaani hamna kilichoyeyuka ndani yake, mwisho. Hii inashinda kifaa chochote cha hapa chini, na hamna njia ya mkato.

Kisha mkono wako wa kulisha. Chakula kinachoishia chini ni mbolea. Wape kinacholiwa chote ndani ya dakika moja mbili, cha barafu kiyeyushe na ule mchuzi umwage.

Taa nayo, masaa 8 mpaka 10 kwa siku yanatosha, na punguza nyeupe na nyekundu kabla ya kupunguza bluu, matumbawe yanaishi vizuri kwenye bluu, ukoga ndo unaoshangilia hizo nyingine. Na lile dirisha lenye jua la mchana linalopiga ubavu wa tangi, pazia.

Baada ya hapo ndo uanze kulinganisha vifaa. Kuna chembe za oksidi ya chuma zinazoshika fosfeti, zinafanya kazi kweli na haraka, haraka mno wakati mwingine, ukiweka kipimo kizima siku ya kwanza matumbawe yanashtuka na kupauka, weka robo. Tena zinaisha, zikishajaa hazishiki tena na hazikuambii. Kuna refujiamu, chumba cha pembeni chenye mwani wa keto, Chaetomorpha, unaouwashia taa usiku wakati tangi limelala, kwa hiyo unakula mbolea na papo hapo unazuia pH isianguke usiku, we unavuna fundo zima unatupa. Na kuna skrini ya mwani, wazo alilolipatia hataza Walter Adey wa Smithsonian mwaka 1982, maji yanatiririka juu ya wavu wenye taa kali, ukoga unaota pale kwa fujo badala ya kwenye kioo chako, kila wiki unaukwangua.

Kati ya hizo mbili za mwani mi nachagua keto kwa mwenye nafasi kwenye sampu (tangi la pili la chini linalokaa vifaa vya kuchuja), kwa sababu ni kimya na inasamehe, na wadudu wadogo wanazaliana humo wanakuwa chakula cha samaki. Skrini ni ya mwenye nafasi ndogo na anayelisha sana, inavuta kwa nguvu zaidi ila inarusha maji, inakusanya chumvi pembeni, na ukisahau kuikwangua mwani wa chini unakufa na kurudisha kila kitu. Keto nayo ikinyimwa mwanga inayeyuka hivyohivyo, wala haina huruma. Oksidi ya chuma ni ya dharura, au ya tangi dogo lisilo na sampu. Skima (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) inasaidia kwa kutoa uchafu kabla haujaoza, lakini fosfeti iliyokwisha kuyeyuka haiishiki, usiitegemee peke yake.

Zilizobaki

Taa ya UV inaua kinachopita ndani yake, basi. Ukoga ulioganda kwenye kioo haupiti popote. Inasaidia maji yakiwa ya kijani yenyewe, na kwa baadhi ya dinoflajeleti wanaoachia mwamba usiku na kuelea, kama Ostreopsis, na wengine wanasema utando unachelewa kurudi, sawa, ila kuinunua kwa ajili ya kuta ni gharama kubwa kwa kazi ya sumaku.

Kufunika tangi giza siku 3 kunaua utando vizuri na matumbawe mengi yanavumilia, ila mbolea bado ipo, kwa hiyo ukifunua umenunua wiki moja.

Dawa ya chupa ya kuua mwani, soma nyuma. Ikiwa na shaba usiiweke kwenye tangi lenye konokono au matumbawe hata tone, shaba inawaua, alafu mwamba na mchanga unaifyonza na kuachia baadaye. Hata isiyo na shaba, ukiua mwani mwingi kwa mpigo unaoza kwa mpigo, oksijeni inashuka usiku, samaki wanahema juu. Sioni kesi ya ukuta inayohitaji hii.

Basi nikikuta kioo cha mtu kinakaa siku 3 na zaidi namwambia sumaku ya unene sahihi, wembe mmoja kama ni kioo, Trochus watatu wanne, kwisha. Kikikaa siku moja au mbili, hivyohivyo lakini aanze na maji, chakula na taa, asubiri wiki 4 kabla ya kununua kifaa, maana mabadiliko haya hayaonekani wiki ya kwanza. Kikiwa hakimalizi hata siku, apime maji anayoongeza kabla ya yale ya ndani ya tangi, na mara nyingi hadithi inaishia hapo. Tangi jipya la wiki 6 na utando wa kahawia, asifanye kitu, afute tu.

Na kioo cha nyuma, kama hukitazami, kiache kijani. Konokono wako wanahitaji pa kula siku ambazo we umeshika sumaku, na mwani wa nyuma unakula mbolea ile ile ambayo ingekuja mbele. Mi changu sijakigusa mwaka wa pili sasa, kimeota zambarau chote, na mgeni akija ndo ukuta anaousifia.